Alamu ya gari inalia yenyewe usiku? Usikate waya kwanza, tutafute chanzo

Testa (mwanzisha uzi)

Wakuu salaam.

Masika ikianza naletewa gari za ugonjwa mmoja. Mwenye gari anafika macho mekundu kwa kukosa usingizi, majirani wameshamsema, na neno lake la kwanza ni "fundi, kata waya wa hicho king'ora nipumzike." Kukata ni kazi ya dakika moja, ndiyo maana mafundi wengi wanakata. Mimi nakataa mpaka nipime, kwa sababu king'ora ni mdomo tu. Kinachosumbua kiko kwingine, na mara nyingi ndicho kitakachokulaza barabarani baadaye: betri inayokufa, ethi (muunganisho wa waya wa hasi na bodi ya gari) iliyooza, waya uliomenyeka unaogusa bodi.

Nazungumzia hasa gari za mtumba kutoka Japani, IST, Vitz, Premio, Raum, Noah na wenzake, zilizofungwa alamu hapa hapa nchini. Ile ya kisanduku cheusi chini ya dashibodi, king'ora kwenye injini na rimoti mbili. Za kiwandani mtaniuliza tutaongea.

Kwanza ujue inavyofanya kazi. Kisanduku kina nyaya chache za kuletewa taarifa: wa milango, wa boneti, mara nyingine wa buti, wa swichi ya funguo, na plagi ya sensa ya mtikisiko, kifaa kinachohisi gari ikitikiswa. Ukishafunga gari kinabaki kusikiliza hizo nyaya tu. Kwenye gari nyingi za Kijapani waya wa mlango unafanya kazi kwa kugusa ethi. Mlango ukifunguka, swichi inauunganisha waya na bodi ya gari, na kisanduku kinaelewa kuna mtu ameingia. Kwa hiyo chochote kitakachougusisha waya huo na bodi, hata maji machafu yaliyotuama ndani ya swichi, kwa kisanduku hicho ni mlango umefunguliwa. Hakina namna ya kutofautisha.

Sasa badala ya kuuliza "kwa nini inalia ovyo", uliza ni waya gani umeiambia ilie. Na hapa kuna kitu wengi hawakijui: alamu nyingi zinakumbuka. Baada ya usiku wa kelele, asubuhi ukifungua kwa rimoti sikiliza vizuri. Badala ya milio yake ya kawaida itaongeza mmoja au miwili, na ile taa nyekundu ya kwenye dashibodi itamweka (itawaka na kuzima) kwa mafungu: mara mbili, inapumzika, mara mbili, inapumzika. Hilo fungu ni namba ya eneo lililochokozwa. Namba zinatofautiana kwa kila kampuni, kwa hiyo tafuta kijitabu chake. Huna kijitabu? Tengeneza orodha yako. Shusha kioo, funga kwa rimoti, subiri itulie, ingiza mkono ufungue mlango kwa ndani. Iache ilie, izime kwa rimoti, hesabu taa inamweka mara ngapi. Rudia kwa kuvuta boneti, halafu kwa kugonga tairi kwa ngumi. Usiwashe swichi ya gari kabla hujahesabu, maana kwenye alamu nyingi ukiwasha swichi kumbukumbu inafutika.

Haya, vyanzo. Nimevipanga kwa jinsi ninavyokutana navyo.

BONETI. Swichi yake ni kile kijiti chenye springi kilichofungwa kwenye bati pembeni ya injini. Kinaishi pabaya: joto, vumbi, mvua, na vijana wa kuosha gari wanaopiga injini kwa maji ya presha. Kutu inaingia ndani, kijiti kinakwama, au unyevu wenyewe unapitisha umeme. Dalili yake ni kwamba inalia usiku wa mvua au siku uliyooshesha injini, ikifika saa sita mchana kumekauka imetulia kabisa, na fundi uliyempelekea anakwambia "mbona iko sawa?" Dalili nyingine ni gari iliyowahi kugongwa mbele ikanyooshwa. Boneti haikandamizi tena kijiti mpaka chini, lori likipita kinaachia kidogo tu, na hicho kidogo kinatosha.

Kipimo chake: chomoa waya wa swichi hiyo, uvalishe tepu usiguse bati, halafu lala. Kukiwa kimya usiku kadhaa, hasa wa mvua, umempata. Usiuache hivyo moja kwa moja, maana boneti itakuwa haina ulinzi na betri ndiyo kitu cha kwanza kuibwa. Swichi mpya ni bei ndogo sana. Ukiikosa, toa ya zamani, piga msasa, paka grisi, na kama boneti haifiki bandika kipande cha mpira mahali inapogusia kijiti.

MILANGO. Kipimo ni taa ya ndani. Iweke kwenye alama ya mlango, funga milango yote, subiri izimike kabisa (nyingine huzimika taratibu). Kisha shika kila mlango, uvute na kuusukuma bila kuufungua. Taa ikipepesa, swichi ya mlango huo imekwisha. Wengi wanasahau mlango wa nyuma, ule wa buti, wakati ndio unaobamizwa kuliko yote.

SENSA YA MTIKISIKO. Kila mtu anaanza na hii, mimi naiweka ya tatu. Ina skrubu ndogo ya kuongeza na kupunguza ukali, lakini kabla hujaigusa angalia imefungwaje. Nyingi nazikuta zinaning'inia kwenye nyaya zake chini ya dashibodi. Ikining'inia haina maana: bodaboda ikipita inalia, ukivunjiwa kioo iko kimya. Ibane kwenye chuma cha bodi kwanza, ndipo urekebishe. Iliyo sawa, ukigonga kioo taratibu inatoa onyo fupi, ukigonga kwa nguvu inalia yote. Na kama unataka kujua kama ndiyo yenyewe, chomoa plagi yake usiku mmoja.

BETRI. Pima asubuhi kabla ya kuwasha, gari ikiwa imelala. Volti 12.6 imejaa. 12.4 siyo mbaya. 12.2 iko nusu. Chini ya 12 hiyo imeisha, usinibishie kwamba "inawasha vizuri". Umeme ukishuka, kisanduku kinachanganyikiwa, na king'ora chenye betri yake ndani kinadhani kuna mtu anakata nyaya. Pima tena injini ikiwa inaunguruma: kati ya 13.8 na 14.4 altaneta (inayochaji betri) ni nzima. Na usafishe vichwa vya betri, ule unga wa kijani na mweupe siyo pambo.

NYAYA. Hapa ndipo panaponiudhi. Alamu nyingi zinafungwa kwa kusokota nyaya na kuzungushia tepu nyeusi. Gari inaanikwa juani Kariakoo kutwa, dashibodi inachemka, gundi ya tepu inalainika, tepu inateleza, waya unabaki uchi umelalia bati. Ethi nayo imebanwa kwenye skrubu iliyo juu ya rangi. Rangi haipitishi umeme, wakuu! Siku ya kwanza inashika kwa sababu ncha ya skrubu imekwangua kidogo, baadaye kutu inaingia na alamu inaanza wazimu. Fundi anayejua kazi analehemu kwa risasi, anavalisha mpira unaosinyaa kwa moto, na ethi anakwangua bati mpaka ling'ae. Ukiona fundi anafunga alamu huku anamenya nyaya kwa meno, chukua gari yako uondoke.

RIMOTI. Kitufe cha dharura kimekaliwa mfukoni au mpira wake umelika umezama. Usicheke, angalia.

Atakayeuliza aandike gari gani, alamu ya kiwandani au ya kufungwa, inalia saa ngapi, mvua au jua, na taa inamweka mara ngapi. "Alamu yangu inalia nisaidieni" sijibu.

Nipo Goba

Mimi sina gari, nina jirani mwenye gari. Naomba kipimo cha jirani.

Testa

Mtumie huu uzi saa nane usiku ikiwa inalia. Ataelewa.

Mzee wa Premio

Nashukuru kijana kwa maelezo. Gari langu ni Premio, alamu ya kufungwa. Mchana halisumbui hata nikiliacha sokoni. Tatizo ni alfajiri, kuanzia saa kumi hivi mpaka adhana. Mvua iwepo isiwepo. Fundi amebadilisha sensa, baadaye akabadilisha kisanduku kizima, hali ni ile ile. Taa sijaitazama.

Testa

Shikamoo mzee. Kwa maelezo hayo simshuku mtu mwingine zaidi ya betri. Saa kumi alfajiri ndipo betri inakuwa imeshuka kuliko muda wote, gari imelala tangu jioni na kumepoa. Naomba vipimo viwili: alfajiri kabla hujafungua mlango wowote (ukifungua taa zinawaka, kipimo kinaharibika, kwa hiyo acha boneti imeegeshwa tangu usiku, waya wa swichi yake ukiwa umechomolewa), na cha pili injini ikiwa inaunguruma.

Kanyaga Twende

Wakuu mnajisumbua bure. Ng'oa yote tupa. Niambieni, lini mara ya mwisho alamu imelia mtaani mkatoka kuangalia? Hakuna! Tunavuta shuka tunatukana. Mwizi mwenyewe anajua hakuna anayetoka.

Spana Kumi

Kanyaga hapo kwenye king'ora uko sahihi. Ila alamu siyo kelele peke yake. Nyingi zina rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme) inayokata stata, ile mota ya kuwashia injini, au pampu ya mafuta, na hiyo ndiyo inayomchosha mwizi akiwa ameshaingia ndani. Mimi pia ni fundi umeme, na Testa nakupinga sehemu moja: hizo sensa za mtikisiko za bei ya chini usihangaike kuzirekebisha. Skrubu yake ndani inachakaa, leo umeiweka hapa, kesho imejihamisha. Weka mpya, maliza.

Testa

Spana, ikiwa imechakaa nakubali, badilisha. Ninachokataa ni kubadilisha kabla ya kuibana. Unamuuzia mteja sensa mpya unaiacha inaning'inia pale pale, atarudi. Kanyaga, hoja yako ya kelele naipokea kwa mikono miwili. Alamu inayolia kila usiku ni mbaya kuliko kutokuwa nayo, kwa sababu mwenyewe umeshazoea kutoamka. Wapo wezi wanaoijua hiyo: wanaitikisa gari mara kadhaa usiku, mwenye mali anachoka anaizima kwa rimoti, ndipo wanaanza kazi. Ila ukiing'oa, ing'oe kwa akili. Nitaeleza akitokea anayehitaji.

Binti Mtoni

Habari za humu. Nina Vitz, alamu ya kufungwa. Inalia nikiwa kwenye kivuko cha Kigamboni TU. Nikishuka kusimama pembeni nikafunga, kabla hatujafika katikati ya maji imeanza. Abiria wote wananiangalia kama mimi ndiye mwizi. Nyumbani haijawahi. Kuna mtu kaniambia ni mitambo ya bandari inaingilia mawimbi ya rimoti.

Testa

Dada, mitambo ya bandari haihusiki. Mawimbi yakiingiliwa shida unayoipata ni rimoti kugoma, unabonyeza gari haifunguki mpaka usogee karibu. Kuianzisha alamu ilie ni habari nyingine, rimoti za siku hizi zinabadilisha namba kila unapobonyeza, kelele ya hewani haiwezi kuipatia kwa bahati.

Yako ni sensa ya mtikisiko. Sakafu yote ya kivuko inatetemeka kwa injini zake, na kuna malori jirani yako yanaunguruma. Sensa iliyowekwa kali inasikia yote. Angalia rimoti yako: nyingi ukibonyeza kufunga, halafu ukabonyeza kitufe fulani tena ndani ya sekunde chache, inafunga milango na kuiacha sensa imelala kwa safari hiyo moja. Kijitabu kitakuambia ni kitufe gani. Au funga kwa funguo ya mkono bila rimoti, kama alamu yako haina tabia ya kujiwasha yenyewe. Kisha siku ukipata nafasi punguza ile skrubu robo mzunguko.

Wa Likoni

Binti Mtoni pole, hata huku Mombasa ni hayo hayo. Feri ya Likoni ikigusa gati, lile bamba la chuma likishuka kwa kishindo, gari tatu nne zaanza kulia pamoja kama kwaya. Mimi nina Probox, makanika wangu alipunguza sensa na mambo yakatulia. Lakini swali langu ni jengine. Nakaa karibu na bahari, hii swichi ya boneti nabadilisha na haikai. Yaota kutu upesi mno. Kuna dawa?

Spana Kumi

Ndugu yangu wa Mombasa, chumvi haina huruma. Hizo swichi za springi nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya kung'aa juu tu. Njia mbili. Ya kwanza, ihamishe. Siyo lazima ikae pale ilipowekwa, itafutie sehemu ya juu karibu na kioo cha mbele ambako maji hayatuami, mradi boneti inafika kuibonyeza. Ya pili, tumia swichi ya sumaku, zile za kufunga milango ya nyumba. Kipande kimoja kwenye bati, kingine kwenye boneti, haina springi wala mguso wa nje wa kushika kutu. Lazima usome aina yake kabla ya kununua: unataka ile inayounganisha pale sumaku INAPOONDOKA. Ukichukua ya kinyume alamu italia boneti ikiwa imefungwa.

Testa

Hii ya sumaku nzuri. Iwekwe mbali na ekzosi, joto kali linaua sumaku. Na isiwekwe moja kwa moja kwenye bati la chuma bila kipande cha plastiki katikati, chuma kinanyonya nguvu yake.

Wa Likoni

Shukran sana mafundi. Nitaijaribu.

Mtu wa Kibaha

WAKUU HARAKA. Inalia SASA HIVI. Rimoti imekufa betri. Nimechomoa betri ya gari kabisa na BADO INALIA. Mtaa wote uko nje. Hii ni gari au ni jini?

Nipo Goba

Leo na mimi nimekuwa shuhuda. Endelea mkuu tunakusikiliza, nadhani hata huku Goba tunakusikia.

Spana Kumi

Mtu wa Kibaha tulia. King'ora chako kina betri yake ndani. Ukichomoa ya gari ndiyo unakipandisha hasira, kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayefanya hivyo. Rudisha betri ya gari kwanza. Kisha mulika king'ora chenyewe kwa tochi, pembeni au nyuma yake kuna tundu dogo la funguo lenye kifuniko cha mpira. Funguo zake mbili ndogo ulipewa siku alamu inafungwa. Unazo?

Mtu wa Kibaha

Funguo gani mkuu, gari nimeinunua kwa mtu. Tundu nimeliona. Funguo sina.

Spana Kumi

Basi rimoti. Fungua nyuma. Ni betri ndefu nyembamba au ya duara?

Mtu wa Kibaha

Ndefu nyembamba kama kidole cha mtoto. Imeandikwa 27A.

Spana Kumi

Hiyo ni ya volti 12. Usidanganywe ukaweka ya saa wala ya rimoti ya televisheni, hazifanani. Duka lolote la vifaa vya umeme wanayo. Kama maduka yamefungwa: ingia ndani ya gari, weka funguo, washa swichi bila kuwasha injini, kisha tafuta kitufe kidogo kimefichwa chini ya dashibodi upande wa dereva. Ukikibonyeza kwa sekunde kadhaa alamu nyingi zinajizima.

Mtu wa Kibaha

IMENYAMAZA. Kitufe kilikuwa karibu na fyuzi. Mungu akubariki mkuu. Kesho naenda kutafuta betri ya rimoti.

Testa

Tumia nafasi hii kila mmoja akitafute kitufe chake leo mchana, kabla hajakihitaji usiku. Na wewe wa Kibaha, king'ora chenye betri ndani kikizeeka, ile betri inavuja na kula bodi yake. Kikifika hapo kinalia chenyewe bila kuambiwa na mtu, hata kisanduku kikiwa kimetulia. Kwenye gari za Ulaya zilizozeeka ndio ugonjwa unaojulikana sana. Dalili yake: king'ora kinalia lakini taa za indiketa hazimweki, na asubuhi kumbukumbu haionyeshi kitu. Kiking'olewa kikawekwa cha kawaida kisicho na betri, mambo yanaisha.

Mama Wawili

Jamani mimi yangu ni ya kiwandani, Toyota ilikuja nayo. Nikiingia dukani namwacha mdogo wangu ndani, nafunga kwa rimoti. Akifungua mlango kutoka ndani inapiga honi na taa zote zinawaka. Ni mbovu?

Testa

Siyo mbovu dada yangu, inafanya kazi yake. Ukifunga kwa rimoti, gari inajua hakuna mtu ndani. Mlango ukifunguliwa kwa ndani bila rimoti, kwake huyo amevunja. Ukimwacha mtu mzima ndani funga kwa kitufe cha mlangoni, au mwachie rimoti. Ikishaanza, fungua kwa rimoti au washa gari, itanyamaza. Hizo za kiwandani pia hulia ukirudisha betri wakati milango imelokiwa, watu wengi wanashtuka wakitoka kubadilisha betri. Na mtoto mdogo usimfungie ndani kwenye jua hili hata dakika chache.

Mama Wawili

Ni mkubwa huyo, yuko chuo. Asante fundi.

Mzee wa Premio

Nimerudi na majibu. Alfajiri imesoma 11.8. Injini ikiwa inaunguruma 14.1.

Testa

Ahsante mzee, kipimo kizuri. Altaneta nzima, kwa hiyo inajaza vizuri mchana na usiku kuna anayekula. Tumtafute. Zima kila kitu, toa waya wa hasi kwenye betri, weka mita katikati yake na betri ikiwa kwenye kipimo cha ampea kumi. Usiwashe gari ikiwa hivyo, utachoma fyuzi ya mita. Subiri kama nusu saa gari ilale. Kawaida isizidi 0.05 ya ampea. Ikizidi, chomoa fyuzi moja moja huku unaangalia mita. Itakaposhuka ghafla, hiyo ndiyo njia yake.

Mzee wa Premio

Nilimwita kijana wa jirani mwenye mita. Ilisoma 0.42. Tulipochomoa fyuzi ya redio ikashuka mpaka 0.03. Redio ni ile yenye skrini kubwa niliyowekewa na mwanangu.

Testa

Basi, hapo ndipo ilipo. Hizo redio zina waya mbili za umeme: mwekundu unaotakiwa kwenda kwenye swichi ya funguo ili ilale ukizima gari, na wa njano wa kudumu kwa ajili ya kutunza kumbukumbu. Fundi mvivu anaziunganisha zote mbili kwenye wa kudumu, redio hailali kamwe. 0.42 kwa saa kumi ni zaidi ya Ah 4 (ampea-saa, kipimo cha umeme unaotunzwa na betri) kila usiku. Betri mpya ya Ah 45 ingevumilia, iliyozeeka haivumilii. Mwekundu uhamishiwe mahali pake, kisha betri ichajiwe kwa chaja mpaka ijae. Ikilala tena chini ya 12.2 redio ikiwa imeshatengenezwa, ibadilishwe. Kisanduku cha zamani alichokitoa fundi wako kidai, huenda kilikuwa kizima.

Mzee wa Premio

Nimekidai. Anasema amekitupa.

Kanyaga Twende

Amekitupa kwenye gari ya mteja mwingine 😂

Mpwapwa Kwetu

Nachangia kidogo. Mimi yangu ilikuwa panya. Waya wa boneti walikuwa wameutafuna ngozi yote umebaki shaba. Gari ilikuwa inalala karibu na ghala la mahindi. Nimeunganisha upya, nimehamisha gari, kimya.

Testa

Panya wapo sana, hasa gari inayolala muda mrefu. Injini ina joto, wanapenda. Ukiona vinyesi juu ya betri au sponji ya chini ya boneti imechanwa, anza kukagua nyaya zote, siyo wa alamu tu.

Kijana wa Tegeta

Testa ulisema utaeleza kuhusu kuing'oa. Mimi nilimpa fundi ang'oe, kaing'oa vizuri, kaondoka na hela. Sasa gari haipigi stata kabisa. Taa zinawaka, redio inaimba, nikigeuza funguo kimya. Naambiwa stata imekufa, ninunue nyingine.

Testa

Usinunue stata. Alamu ilikuwa inakata waya wa stata kupitia rilei. Fundi katoa rilei kaacha waya umekatwa vipande viwili. Fungua plastiki ya chini ya usukani, fuata nyaya zinazotoka nyuma ya swichi ya funguo. Utakuta ncha mbili za waya mmoja mnene, zimefungwa tepu kila moja peke yake. Rangi zake zitafanana, maana ulikuwa waya mmoja. Hakikisha kwa taa ya kupimia: mtu akigeuza funguo mpaka mwisho, ncha moja tu iwake, nyingine iwe imekufa. Ncha iliyokufa ndiyo inayokwenda kwenye stata. Ukikuta ncha inayowaka muda wote hata funguo ikiwa mfukoni, hiyo siyo, iache.

Kama gari ni otomatiki hakikisha gia iko P kabla hujaanza. Unganisha kwa kulehemu, vaa mpira, siyo tepu. Waya huo unabeba umeme mkubwa kuliko wa redio, ukisokotwa utachemka.

Kijana wa Tegeta

Nimezipata hizo ncha mkuu, ziko kama ulivyosema, nyeusi yenye mstari mweupe zote mbili. Imepiga stata mara moja. Ila taa nyekundu ndogo ya dashibodi bado inamweka nikizima gari. Si aling'oa alamu yote?

Testa

Hiyo iko sehemu gani, ni ya kubandika au imo ndani ya dashibodi yenyewe?

Kijana wa Tegeta

Ndani, karibu na saa. Ina alama ya gari na kufuli.

Testa

Hiyo ni ya imobilaiza ya kiwandani, inayosoma kichwa cha funguo yako na kuzuia injini isiwake kwa funguo nyingine. Ukiweka funguo inazima, ukitoa inamweka. Ndivyo inavyotakiwa. Mtu yeyote asiiguse.